Ukitaka Jengo Lako Lisifiwe, Usilijenge

Hakuna msanifu aliyewahi kuingia kwenye vitabu vya historia kwa kukabidhi zahanati kwa wakati, paa halivuji na choo kinavuta maji. Wananchi watashukuru, diwani atakata utepe, mganga atahamia, na habari itaishia hapo. Sifa za fani ya usanifu majengo hugawiwa kwingine, kwenye maonyesho ya kimataifa. Yanayotajwa zaidi siku hizi ni Bienale ya Usanifu Majengo ya Venice, Italia, iliyoanza mwaka 1980, ambako watu waliovaa nyeusi kuanzia kola hadi viatu huja kutazama majengo ambayo, kwa sehemu kubwa, hayapo pale.

Mwongozo huu ni wako wewe msanifu wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura uliyechoka kuchora vyumba vitatu, kimoja masta, kwa mteja anayetaka apunguziwe bei kwa sababu shemeji yake naye "anajua ramani". Ufuate vizuri. Baada ya miaka michache hutakuwa na mteja hata mmoja, lakini Zürich watakuwa wanakujua kwa jina.

Uliza swali, usilijibu

Maonyesho ya Venice hayaanzi na jengo. Yanaanza na mada, na mada hutolewa na msimamizi mkuu ambaye hubadilika kila awamu. Mada nzuri ni ile pana kiasi kwamba hata ukileta kabati la bibi yako, litaingia. Mwaka 2016 Alejandro Aravena wa Chile aliomba taarifa kutoka mstari wa mbele. Mwaka 2021 Hashim Sarkis wa Lebanon aliuliza tutaishije pamoja. Mwaka 2025 Mwitaliano Carlo Ratti akaleta habari za akili: ya asili, ya mashine na ya umma. Wewe kazi yako ni kuichukua mada, kuigeuza kuwa swali refu zaidi, na kuirudisha kwa mwenyewe.

Kosa la wageni ni kujibu. Chukua hilo swali la 2021. Marehemu msanifu Beda Amuli alikwisha kulijibu tangu miaka ya 1970 pale soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Alisimamisha miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuiteremsha kwenye tangi chini ya ardhi, na kivulini mwake watu wakauziana nyanya, dagaa na mbegu za mchicha miaka nenda miaka rudi. Hakubandika maelezo ukutani. Usiku wa Julai 10, 2021, maonyesho ya Venice yakiwa yamepamba moto, soko la Kariakoo likawaka moto wa kweli. Huku nyumbani swali la kuishi pamoja likawa ni nani atapanga meza yake wapi kesho asubuhi, na hilo halina uzito wa kutosha kuandikwa kwenye katalogi.

Lisidumu

Ukilazimika kujenga, basi jenga kitu kitakachobomolewa mapema. Mfano wa kuiga ni banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya Barcelona ya mwaka 1929, kazi ya Ludwig Mies van der Rohe akishirikiana na Lilly Reich. Ndani hamkuwa na bidhaa yoyote ya kuonyesha. Palikuwa na kuta za marumaru, ukuta mmoja wa oniksi, madimbwi mawili ya maji, sanamu ya mwanamke, na viti vilivyoandaliwa kwa ajili ya mfalme na malkia wa Hispania. Mapema mwaka 1930 banda likavunjwa. Kwa zaidi ya miaka 50 wanafunzi wa usanifu duniani kote walifundishwa jengo hilo kwa picha chache zisizo na rangi, wakaliabudu, na hatimaye Barcelona wakalijenga upya palepale kati ya 1983 na 1986.

Tafakari faida yake. Jengo lisilokuwepo halivuji. Halina fundi wa kuongeza chumba cha uani, halina mpangaji wa kutundika dishi ukutani, wala mlinzi wa kuanika soksi kwenye oniksi. Picha haizeeki. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka mpiga picha juu, saruji chini. Gustave Eiffel hakupata mwongozo huu: mnara wake wa maonyesho ya Paris ya 1889 uliruhusiwa kukaa miaka 20 tu, akaung'ang'ania, ukapata kazi ya mawasiliano ya redio, na sasa Wafaransa wanaupaka rangi milele.

Kwetu kosa hilo limekithiri. Mabanda ya maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, yanasimama mwaka mzima yakisubiri Julai, na ndiyo maana hakuna profesa anayeyaandikia kitabu. Tungeyabomoa kila Julai 14 na kuacha picha mbili tatu, leo yangekuwa kwenye mitihani.

Venice wenyewe walianza kwa mtindo huohuo. Mwaka 1980 Paolo Portoghesi aliwaita wasanifu, kila mmoja atengeneze uso wa jengo, wakapangwa pande mbili ndani ya Corderie, jumba refu la Arsenale lililokuwa kiwanda cha kamba za meli. Ukawa mtaa wa nyuso 20. Waliozitengeneza walikuwa mafundi wa Cinecittà, studio za sinema za Roma, na kwa nyuma zilikuwa kama mandhari yoyote ya sinema, mbao na misumari. Lakini ule mtaa wa bandia ndio uliowapa wasanifu wa dunia ruhusa ya kurudia nguzo, matao na mapambo ambayo walimu wao walikuwa wamewakataza kwa nusu karne. Sisemi kwamba nguzo za Kirumi kwenye ghorofa la jirani yako wa Mbezi Beach, zile zilizojazwa plasta na kupakwa krimu, zilipanda boti kutoka Venice moja kwa moja. Ninasema tu kwamba mitindo husafiri kwa uso, na uso ni mwepesi kubeba kuliko nyumba.

Mlete mvuvi

Majaji wakishashiba mbao na misumari, huwa wanataka ukweli. Hapo ndipo unapotakiwa kuwaletea kitu ambacho msanifu hakukigusa. Bahrain ilifanya hivyo mwaka 2010, mara yake ya kwanza kushiriki. Ilipeleka vibanda vitatu vya wavuvi kutoka ufukweni kwake, vya mbao za kuokoteza, vile ambavyo wazee hujijengea ili wakae waongee, wanywe chai na kutazama bahari inayozidi kufukiwa ili watu wengine wajenge. Wageni walikaa humo wakiwasikiliza wavuvi kwenye video. Bahrain ikaondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu kwa mabanda ya nchi, na nchi zenye miaka mingi pale zikabaki zimekodoa macho.

Wachambuzi wamesema mengi mazuri kuhusu ushindi ule, na ulistahili. Mimi naongeza sababu moja ambayo hawaitaji: vibanda vilikuwa na pa kukaa. Corderie peke yake ina urefu wa zaidi ya mita 300, na bado kuna bustani ya Giardini yenye mabanda ya nchi karibu 30. Mtu aliyetembea humo tangu saa nne asubuhi, begani kapachika mfuko wa kitambaa uliojaa vipeperushi, atampenda yeyote atakayempa benchi. Kwa hiyo baraza. Peleka baraza ya Lamu au Pangani, ya kawaida kabisa, wala usiieleze. Watakaa.

Ama peleka ubaridi. Mwaka 2025 Bahrain ilishinda tena, safari hii kwa mada ya joto kali na namna ya kupoza hewa mahali ambapo wafanyakazi wanashinda juani. Wazo lilikuwa kuvuta ubaridi kutoka ardhini. Lakini Venice hawakuruhusiwa kuchimba, kwa hiyo pale ukumbini hewa ilisukumwa kwa mitambo kutoka dirisha linalotazama mfereji. Somo kwako: kama teknolojia yako ya kuepuka feni inahitaji feni ili ionyeshwe, usiogope. Majaji ni watu waelewa.

Maandishi ya ukutani

Hili ni jambo dogo ila huwaangusha wengi. Ukileta mlango na mwavuli, ukutani usiandike "mlango na mwavuli". Andika: "Mradi huu unahoji kizingiti kama eneo la mvutano kati ya ndani na nje, na kualika mwili kujadili upya siasa za kivuli." Herufi ziwe ndogo, za kijivu, kwenye ukuta mweupe, usawa wa goti.

Kama huna cha kuonyesha, utaonyeshwa

Usidhani ushiriki wa Afrika kwenye maonyesho haya ni jambo jipya. Wazee wetu wameshiriki muda mrefu, ila hawakuulizwa mada.

Paris, 1889. Charles Garnier, msanifu wa jumba la Opera, alikuwa ametia saini barua ya wasanii waliopinga mnara wa Eiffel kwa madai kwamba unauharibu mji. Mnara ukajengwa. Naye akapewa kazi ya kujenga chini yake historia ya makazi ya binadamu, safu ya nyumba kuanzia mapango hadi enzi zake. Humo Waafrika, Wachina na wenyeji wa Amerika aliwaweka kwenye fungu la watu waliokaa pembeni ya maendeleo ya wanadamu wengine. Kwenye maonyesho hayohayo palikuwa na "mtaa wa Cairo". Wajenzi wake walipaka kuta rangi ya uchakavu ili ionekane ni Misri halisi, wakaleta punda na wachunga punda wao. Wajumbe wa Misri waliopita Paris wakielekea kwenye kongamano huko Sweden walisimama mbele ya msikiti wa mtaa ule, wakaingia, wakakuta ndani ni mkahawa wenye wasichana wanaocheza. Walitoka wamefura. Wewe ukialikwa kujenga "Uswahilini halisi" kwenye maonyesho ya nje, kumbuka kuagiza uchafu mapema, maana ule wa huko haufanani na wa kwetu.

Sasa njoo Berlin, 1896. Hapa mwongozo unafikia kanuni yake kuu: njia ya uhakika ya jengo lako kuonyeshwa Ulaya ni Ulaya kulibomoa kwanza. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ikulu yake karibu na Tabora, tembe kubwa lenye ngome, na kwa muda aliwasumbua Wajerumani vya kutosha. Januari 1893 walimvamia. Ngome ilipoingiliwa, Isike aliwasha baruti akiwa ndani ili asikamatwe. Miaka mitatu baadaye, katika bustani ya Treptow, kwenye sehemu ya makoloni ya Maonyesho ya Viwanda ya Berlin, wageni waliolipa kiingilio waliikuta ngome hiyo imejengwa upya kwa mfano wake, nayo imepewa jina la ikulu ya Isike kwa tahajia ya Kijerumani: Quikuru qua Sike. Familia zilipita na watoto wao. Sijui maonyesho mengine yaliyothamini usanifu wa Kinyamwezi kiasi hicho, wala yaliyoulipia gharama kubwa hivyo, ila aliyelipa hakuwa mwandaaji.

Pamoja na ngome waliletwa zaidi ya watu 100 kutoka makoloni, wakiwemo Waswahili wa Afrika Mashariki, wakae kwenye "vijiji" watazamwe wakipika na kusuka. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alijinunulia darubini ndogo ya watu wa opera, akawa anawatazama Wajerumani waliokuja kumtazama. Darubini hiyo ndiyo kifaa pekee ninachokushauri ununue kwa fedha yako mwenyewe.

Mfadhili ajisimulie

Zamani hizo zimepita, na siku hizi unaonyeshwa kwa heshima. Mwaka 2014 nchi za Nordiki zilitumia banda lao la Venice kueleza majengo yaliyotokana na misaada yao Tanzania, Kenya na Zambia baada ya uhuru. Banda lenyewe, la mwaka 1962, ni la Sverre Fehn, ambaye aliikuta miti kwenye kiwanja akaiacha iendelee kukua kupitia paa. Lilikuwa onyesho zuri na la kweli. Lilikumbusha kazi kama kituo cha Kibaha kilichoanzishwa kwa msaada wa nchi hizo mwaka 1963, na lile jengo la mikutano la KICC la Nairobi lililokamilika 1973, alilolichora Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akifanya kazi pamoja na David Mutiso upande wa serikali ya Kenya.

KICC imo kwenye noti za Kenya za mwaka 2019, kwa hiyo Mkenya yeyote anayelipa nauli ya matatu kwa noti anaonyesha usanifu wa majengo bila kuomba ukumbi. Lakini kuisimulia Venice ilikuwa kazi ya Oslo. Ukitaka historia ya jengo lako ihifadhiwe vizuri, hakikisha mchoraji wake anatoka nchi yenye makumbusho. Karatasi zetu zipo. Ziko stoo, juu ya kabati, chini ya viti vibovu, na funguo anayo mzee aliyestaafu.

Viza

Mwaka 2023 msimamizi mkuu alikuwa Lesley Lokko, Mghana na Mskoti, mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kushika nafasi hiyo. Kati ya washiriki 89 aliowaalika, zaidi ya nusu walitoka Afrika au kwa Waafrika walio ughaibuni, na Simba wa Dhahabu wa heshima ya maisha akapewa Mnigeria Demas Nwoko, mzaliwa wa 1935. Ukaja wakati wa kufungua, na vijana watatu wa timu ya Lokko kutoka Ghana wakanyimwa viza. Yaani waandaaji wa maonyesho ya Afrika ijayo hawakuaminika kwamba wangerudi Afrika.

Kwa hiyo: taarifa ya benki ya miezi sita, bima, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, na cheti cha ndoa hata kama hujaoa. Mchoro wako utaruhusiwa kuingia Italia siku hiyohiyo. Mchoro hauna tabia ya kutoroka.

Njia ya pangoni

Kuna waliofanikiwa bila kufuata maelekezo haya, na inabidi niwataje ingawa wananiharibia biashara. Ofisi ya Cave_bureau ya Nairobi, ya Kabage Karanja na Stella Mutegi, imejenga jina lake kwa kupima mapango. Mwaka 2021 waliingia banda kuu la Giardini na mradi waliouita Mvua ya Obsidiani. Walichukua umbo la pango la Mbai, ambalo wapiganaji wa Mau Mau walilitumia kujificha na kupanga, wakalitundika darini kwa mawe meusi ya obsidiani, kila jiwe na uzi wake. Mgeni akasimama chini ya dari la maficho ambayo miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliyatafuta usiku na mchana.

Halafu mwaka 2025 Waingereza wenyewe wakawapa ufunguo. Karanja na Mutegi, pamoja na Owen Hopkins na Kathryn Yusoff, walisimamia banda la Uingereza, lile lenye nguzo mbele na ngazi za kifahari. Wakalifunika uso. Kutoka juu waliteremsha pazia la shanga, za udongo, za kioo na za mkaa uliofinyangwa kwa mabaki ya mazao, zilizotengenezwa Kenya na India, hata nguzo zikawa zinaonekana kwa kuchungulia. Majaji wakalitaja banda hilo kwa heshima maalumu. Ni jambo la kustaajabisha na, kusema kweli, nililifurahia kuliko anavyopaswa mtu wa kejeli. Ila usisahau kwamba banda lililovalishwa shanga bado lina jina la Uingereza mlangoni, na gharama zake zilipitia London. Darubini inatazama upande wa pili, sawa. Hati ya kiwanja haijabadilika.

Kuvunja

Novemba, maonyesho yakikaribia kufungwa, usiondoke na wenzako. Baki, kwa sababu mali ndiyo inaanza. Aravena alipopewa maonyesho ya 2016 alikusanya mabaki ya Bienale ya Sanaa ya mwaka uliotangulia, akayatumia kupamba vyumba vyake vya kuingilia: mita za mraba 10,000 za jipsam na kilomita 14 za vyuma vyembamba vya kushikilia kuta, jumla tani 100. Ndivyo fani inayohubiri uhifadhi wa mazingira inavyojenga kuta za miezi sita ili kuandika juu yake kwamba tuache kutupa vitu.

Piga hesabu kama fundi dari. Hizo ni zaidi ya bodi 3,300 za futi 4 kwa 8. Zahanati yenye dari la mita za mraba 200 zitatoka 50, na vyuma vitabaki. Boti ya kwanza ikutoe mfereji hadi bara, maana Arsenale hakuna lori, kisha kontena, kisha bandari. Forodhani wakiuliza hizi ni taka au ni vifaa vya ujenzi, usikubali lolote kati ya hayo mawili, yote yana kodi yake. Sema ni kazi ya sanaa iliyorudi kutoka Venice, toa katalogi, na waonyeshe yale maandishi ya kijivu. Wakishindwa kuyasoma, watagonga muhuri.